Uongozi wa kimaadili na kujifunga kwa wafanyakazi hotelini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo mameneja, wasimamizi wa idara, wahudumu na wanafunzi wa vyuo vya hoteli huyarudia. Mifano mingi inatoka katika hoteli za mwambao, kuanzia Malindi na Diani hadi Unguja na Dar es Salaam. Vifungu vya sheria vinavyotajwa ni vya Kenya na Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na msomaji wa huko anapaswa kuitazama hiyo.

## Misingi

1. Uongozi wa kimaadili ni nini hasa?

Ni uongozi wa mtu anayetenda haki yeye mwenyewe, na ambaye pia anawafundisha, anawasikiliza na anawawajibisha walio chini yake ili nao watende haki. Maana inayotumiwa zaidi na watafiti ilitolewa na Brown, Treviño na Harrison mwaka 2005, nayo inazishika sehemu hizo mbili kwa pamoja: mwenendo wa kiongozi, na juhudi yake ya kuueneza mwenendo huo kwa mazungumzo, kwa tuzo na adhabu, na kwa maamuzi anayoyafanya.

Sehemu ya pili ndiyo husahauliwa. Meneja asiyegusa hata kijiko cha hoteli, lakini anayefumba macho wakati mtunza stoo anapopitisha nyama mlango wa nyuma, ni mtu mwema ambaye hajaongoza. Wahudumu humheshimu kama mtu, kisha hufuata mwongozo wa mtunza stoo.

2. Na kujifunga kwa mfanyakazi maana yake nini?

Ni kile kinachomfunga mtu na mahali pake pa kazi. Meyer na Allen, mwaka 1991, walikigawa katika aina tatu. Ya kwanza ni kujifunga kwa moyo: mtu anabaki kwa sababu anapapenda na anapaona kuwa pake. Ya pili ni kujifunga kwa hesabu: anabaki kwa sababu akiondoka atapata hasara. Ya tatu ni kujifunga kwa deni: anabaki kwa sababu anahisi ana wajibu, kwa mfano hoteli ilimlipia masomo au ilimsaidia alipofiwa.

Uongozi wa kimaadili unagusa zaidi aina ya kwanza na ya tatu. Aina ya pili hutegemea mshahara, umbali wa nyumbani na kama kuna hoteli nyingine inayoajiri.

3. Mfanyakazi aliyekaa miaka 15 si ndiye aliyejifunga zaidi?

Si lazima. Huenda anahesabu tu miaka iliyobaki kabla ya kulipwa kiinua mgongo. Tofauti huonekana siku ambayo mwenzake hakufika zamu ya asubuhi: aliyejifunga kwa moyo hujifunga kibwebwe na kuziba pengo, na aliyejifunga kwa hesabu husema, kwa haki yake kabisa, kwamba hiyo si meza yake.

4. Kwa nini jambo hili liwe zito hotelini kuliko kiwandani?

Kiwandani bidhaa hukaguliwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Hotelini huduma hutengenezwa mbele ya macho ya mgeni, saa hiyo hiyo, na mara nyingi msimamizi hayupo. Mhudumu wa vyumba yuko peke yake na mkoba wa mgeni ulio wazi, na mhudumu wa baa anapima kinywaji gizani. Mtu wa mapokezi, saa 9 usiku, ndiye hoteli nzima kwa mgeni aliyechelewa ndege. Kanuni haziwezi kumfuata kila mmoja wao hadi huko, ila namna anavyotendewa humfuata.

Pia kuna uzito wa kutabasamu kwa saa nane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa hoteli hapewi jembe hata akikaa mwezi, na anayelishika siku zote ni mhudumu.

## Jinsi uhusiano unavyofanya kazi

5. Maadili ya kiongozi yanamfikiaje mfanyakazi?

Watafiti hueleza njia mbili. Moja ni kujifunza kwa kutazama, nadharia inayohusishwa na Bandura (1977): watu huiga mwenendo wa mwenye cheo, hasa wanapoona unalipa. Nyingine ni mabadilishano, inayohusishwa na Blau (1964): anayetendewa wema ambao haukuandikwa kwenye mkataba huhisi anapaswa kurudisha wema ambao nao haukuandikwa.

Kinachoziunganisha njia hizo ni imani. Mfanyakazi akiamini kwamba kesho atatendewa kama alivyotendewa leo, anaweza kuwekeza nguvu zake hapo. Ndiyo maana wema wa ghafla, wa mara moja, hauna matokeo makubwa. Keki ya siku ya kuzaliwa haimfariji mtu ambaye zamu yake hubadilishwa kila wiki bila taarifa.

6. Ni kiongozi yupi mwenye uzito zaidi, meneja mkuu au msimamizi wa idara?

Kwa maisha ya kila siku, msimamizi. Yeye ndiye anayepanga zamu, anayegawa vyumba, anayeamua nani aende kwenye sherehe yenye bahashishi nzuri na nani abaki kusugua masufuria. Meneja mkuu anaweza kuwa mwadilifu wa kupigiwa mfano na bado mhudumu wa vyumba akaondoka, kwa sababu hoteli anayoijua yeye ni ile ya ghorofa ya 3 chini ya msimamizi mmoja mwenye upendeleo.

Uzito wa meneja mkuu unaonekana katika uchaguzi wa wasimamizi hao na katika yale anayoyavumilia kutoka kwao.

7. Je, kiongozi mwema anaweza kufidia mshahara mdogo?

Hapana, na anayeuliza swali hili mara nyingi anatafuta njia ya bei nafuu. Mshahara usiotosha nauli na kodi ya chumba ni suala la kimaadili lenyewe. Ambacho kiongozi mwema anaweza kufanya pale ambapo hoteli haina uwezo ni kusema ukweli kuhusu uwezo huo, kulipa kwa tarehe iliyoahidiwa, na kutojinunulia gari jipya mwezi aliotangaza kwamba fedha hakuna.

## Mahali maadili yanapopimwa

8. Bahashishi na ada ya huduma zigawanywe vipi?

Hakuna jambo linalovunja au kujenga imani hotelini haraka kuliko sanduku la bahashishi, kwa hiyo jibu hili ni refu.

Katika hoteli nyingi fedha wanazoacha wageni huwekwa pamoja na kugawanywa kwa wiki au kwa mwezi. Mhudumu wa meza hukutana na mgeni. Dobi na muosha vyombo hawakutani naye kamwe, ingawa bila shuka safi na sahani safi hakuna ambaye angeacha kitu. Kama watapata sawa au kwa viwango tofauti ni jambo la kukubaliana, na hoteli mbili zinaweza kuwa na majibu tofauti yaliyo ya haki. Lisilovumilika ni kiwango kinachojulikana na mtu mmoja tu. Sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili, mmoja wao awe amechaguliwa na wafanyakazi. Fedha zihesabiwe mbele ya watu. Jumla ibandikwe ubaoni. Kwa maoni yangu, meneja anayelipwa mshahara wa meneja hana fungu katika sanduku hilo.

Ada ya huduma ni jambo jingine na ni la hatari zaidi. Inapoandikwa kwenye bili, mgeni huamini kwamba imekwenda kwa aliyemhudumia. Hoteli ikiibakiza, mhudumu atajua tu, kwa sababu ipo siku mgeni atamwambia, "Si nimeshakulipia huduma?" Kuanzia hapo anajua kwamba jina lake linatumika kuchukulia fedha asizozipata.

Mkataba Na. 172 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na mikahawa, unataka mfanyakazi alipwe ujira wa msingi kwa vipindi maalumu bila kujali bahashishi. Hata pale ambapo nchi haijauridhia, hicho ni kipimo kizuri: bahashishi isiwe kisingizio cha kupunguza mshahara.

9. Upangaji wa zamu una uhusiano gani na maadili?

Zamu ndiyo maisha ya mfanyakazi nje ya hoteli: nani atamlea mtoto, nani atakosa mazishi, nani atapita njia ya giza usiku. Msimamizi anayewapa marafiki zake mapumziko ya Jumamosi kila wiki ameshatangaza sheria ya idara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hoteli isiyofikisha hata hayo haijaanza kuzungumzia uongozi wa kimaadili.

10. Je, ni sawa kuwakata wafanyakazi mshahara kwa vyombo vilivyovunjika?

Desturi ya kuwakata mshahara watu wote wa zamu kwa glasi ambazo aliyezivunja hajulikani ni ya kawaida mno, na ni mbaya. Sheria ya Kenya inaruhusu makato ya kiasi kinachofaa kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe. Ya Tanzania Bara inataka kosa liwe lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Matokeo ya makato ya jumla yanaonekana jikoni. Watu huficha vilivyovunjika, sahani yenye ufa hurudi mezani, na anayejua ukweli hujifunza kunyamaza, ukimya ambao meneja atakutana nao tena siku upotevu mkubwa utakapotokea.

11. Kuuza nafasi za kazi kunaathiri vipi wale walioajiriwa?

Aliyetoa hongo ili aajiriwe, iwe fedha au mwili, huingia akiwa na deni au jeraha. Huona nafasi yake kama mali aliyoinunua, na hutafuta kurudisha gharama zake kwa wageni au kwenye stoo. Aina ya kujifunga aliyo nayo ni ya hesabu tupu (swali la 2). Mkataba Na. 172 uliotajwa katika swali la 8 unakataza waziwazi ununuzi na uuzaji wa ajira katika hoteli na mikahawa, jambo linaloonyesha kwamba tatizo hili si la mwambao wetu peke yake. Kinga yake ni ya kawaida: tangazo la wazi, mahojiano ya watu zaidi ya mmoja, na mkuu wa idara kutoajiri peke yake.

12. Mgeni akimdhalilisha mhudumu, kiongozi afanye nini?

Kwanza, aangalie neno la kwanza linalomtoka. Msimamizi anayeanza kwa "Ulivaaje?" au "Huyo ni mgeni wa kila mwaka" amekwisha kuamua, na idara nzima itazisikia habari hizo kabla ya chakula cha mchana.

Hatua zenyewe zinajulikana. Mhudumu atolewe katika hatari mara moja. Maelezo yake yaandikwe. Meneja azungumze na mgeni yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Usafi wa chumba hicho ufanywe na watu wawili au usitishwe. Na ikibidi mgeni aombwe kuondoka. Kuna kosa moja ambalo hata viongozi wenye nia njema hulifanya: kumhamishia mhudumu huyo kwenye dobi "kwa usalama wake". Huko hakuna bahashishi. Aliyedhulumiwa ndiye aliyelipa, na mwingine atakayepatwa na jambo kama hilo atalimeza.

Kwa upande wa sheria, Kenya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Kifungu chenyewe, kinapoeleza nani anaweza kuwa mnyanyasaji, kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza. Mgeni hakutajwa. Mkataba Na. 190 wa ILO wa mwaka 2019 unataka vitendo vya watu wa nje ya ajira vizingatiwe pia, na Pendekezo Na. 206 linaloambatana nao linazitaja kazi za ukarimu miongoni mwa kazi zenye hatari zaidi. Ni katika pengo hilo, ambapo sheria ya nchi haikumlazimisha, mfanyakazi humjua kiongozi wake ni wa namna gani.

13. Je, ni kosa kubwa kumwagiza mtu wa mapokezi amdanganye mgeni?

Hoteli imeuza vyumba zaidi ya ilivyo navyo, na mtu wa mapokezi anaagizwa aseme bomba limepasuka. Uongo huo huonekana mdogo. Lakini aliyeagizwa ndiye anayetazamwa usoni na familia iliyosafiri siku nzima, na amefundishwa na mkubwa wake kwamba ukweli hutegemea faida. Atakapomweleza mkubwa huyo huyo kwamba upungufu wa fedha kwenye kaunta ulitokana na hitilafu ya mashine, mkubwa hana pa kusimama. Kusema "tumekosea, tumekutafutia chumba hoteli jirani na usafiri ni juu yetu" kuna gharama ya usiku mmoja.

14. Msimu wa wageni wachache unaharibu kujifunga?

Unaweza kuharibu au kuimarisha. Masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au kufunga kabisa. Mfanyakazi wa mwambao anaujua msimu kama mvuvi anavyoujua upepo, hivyo kusimamishwa kwenyewe hakumshangazi. Huumizwa na kuambiwa Jumapili jioni kwamba Jumatatu asije, na kuona kwamba waliobaki ni wale wa karibu na meneja. Taarifa ya mapema, kigezo kilichoandikwa cha nani anabaki na ahadi ya nani anaitwa kwanza hugharimu kidogo.

Mwaka 2020, wa janga la korona, ulikuwa jaribio kubwa zaidi. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi na kuzifungua tarehe 1 Agosti, na hoteli za pwani zilibaki tupu. Wafanyakazi bado wanakumbuka ni meneja gani alipiga simu kila baada ya wiki mbili hata alipokuwa hana habari njema, na ni yupi aliyezima simu.

Kuhusu vibarua, sheria ya Kenya inasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zinafikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi. Kumsimamisha siku mbili kabla ya mwezi kutimia na kumrudisha siku ya tatu ni ujanja ambao kila kibarua anauelewa.

## Hali tata

15. Vipi kuhusu kuajiri ndugu na watu wa kijiji kimoja?

Hoteli iliyo Nungwi au Watamu kuajiri watu wa hapo ni jambo la haki kwa jamii iliyoipa ufukwe. Tatizo huanza ndugu anapokuwa chini ya ndugu. Suluhisho linalofanya kazi ni kuwatenganisha idara, ili shemeji asimpangie shemeji zamu.

16. Ramadhani tufanyeje?

Katika hoteli ambayo sehemu kubwa ya wafanyakazi wamefunga, kiongozi hupanga zamu ili jua linapozama watu wapate dakika za kufuturu kwa zamu, hapunguzi chakula cha wafanyakazi wasiofunga, na hamlazimishi aliyeomba asihudumu baa mwezi huo. Wenzao Wakristo nao wahesabiwe vivyo hivyo Pasaka na Krismasi, kwa kuwa usawa hupimwa kwa mwaka mzima.

17. Meneja ni mwadilifu lakini mwenye hoteli si mwadilifu. Je, ina maana yoyote?

Ina maana kwa muda. Wafanyakazi hujifunga na mtu badala ya mahali, na siku meneja anapoondoka huondoka naye, wakati mwingine kwenda hoteli moja. Meneja aliye katika hali hii asiahidi kwa niaba ya mwenye mali mambo asiyoyamiliki. Vyama vya wafanyakazi, KUDHEIHA kwa Kenya na CHODAWU kwa Tanzania, vipo pia kwa ajili ya hali ambayo nia njema ya meneja haitoshi.

18. Nimeanza kusimamia maadili na wafanyakazi wamenichukia. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Palipokuwa na mianya, kuna watu waliokuwa wakiishi kwa mianya hiyo. Tazama nani amechukia. Wakichukia wote, wakiwamo wale uliokuwa ukiwategemea, chunguza kama ukaguzi unawagusa walio chini tu: mifuko ya wahudumu inafunguliwa getini na gari la meneja linapita bila kusimama. Chuki ya namna hiyo ina haki.

Upande wa pili nao upo. Wafanyakazi wakimpenda kiongozi kupita kiasi wanaweza kuficha makosa ili kumlinda. Kiongozi anayesifiwa na kila mtu, na ambaye hajaletewa habari mbaya kwa miezi mitatu, ana sababu ya kuhangaika.

## Kupima

19. Tutajuaje kama hali inabadilika?

Kipimo cha Brown na wenzake, kilichotajwa katika swali la 1, kina maswali 10 tu, yakiwamo kama kiongozi husikiliza na kama mafanikio kwake hupimwa pia kwa njia yalivyopatikana. Kinaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili cha hapo hotelini. Fomu zisikusanywe na msimamizi anayepimwa, na ziwe nyingi kiasi kwamba mwandiko wa mtu hautambuliki.

Majibu ya fomu yasomwe kwa tahadhari. Tafiti nyingi za uwanja huu humwuliza mfanyakazi mmoja, siku moja, kuhusu kiongozi wake na kuhusu moyo wake mwenyewe. Aliyeamka vibaya hutoa alama ndogo kote, nasi tukadhani tumeona sababu na matokeo. Kwa hiyo linganisha na mambo yanayohesabika: wangapi wameondoka kwa hiari katika kila idara, wangapi walioondoka wameomba kurudi, vitu vingapi vya wageni vilivyosahaulika vyumbani vimeletwa mapokezi na nani. Daftari la vitu vilivyookotwa, likisomwa idara kwa idara, hueleza mambo ambayo hakuna aliyeyajaza kwenye fomu.

20. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, tena kwa njia fupi zaidi, kwa sababu wewe ndiye meneja mkuu, msimamizi wa zamu na mtunza sanduku. Anza na swali la 8 na la 10, kisha ule chakula kile kile wanachokula wafanyakazi wako kwa wiki moja.